Rafu na Mzigo Wake

Rafu ni chombo kinyenyekevu katika nyumba. Mlango husifiwa kwa nakshi, na kitanda kwa besera. Rafu haitazamwi, ila hutazamwa kilichowekwa juu yake. Siku inapotazamwa yenyewe aghalabu huwa imekwisha kunepa, na mwenye nyumba huwa amechelewa.

Wahenga walisema kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mwenye vitabu huudhania hivyo mzigo wa rafu yake. Kitabu kimoja huinuliwa kwa vidole. Lakini vitabu vilivyopangwa kwa urefu wa mita 1 hupita kilo 20 kwa wepesi, na vikiwa makamusi uzito huzidi sana. Mzigo huo hautuliwi usiku wala mchana. Mti nao una tabia ya kusalimu amri polepole: ubao uliopinda kidogo siku ya kwanza huendelea kupinda mwaka hata mwaka, ijapokuwa hakikuongezwa kitabu hata kimoja.

Rafu ikinepa, lawama huangukia mti. Husemwa kuwa laiti ungalinunuliwa mninga au mvule, aibu hii isingalitokea. Mti mgumu una faida yake, walakini adui mkubwa wa rafu ni urefu usio na mhimili. Ubao uliojazwa vitabu ukirefushwa kutoka sentimita 60 hata 120, unene ukiwa ule ule, kunepa kwake hakuongezeki mara mbili wala mara nne, bali mara 16. Hapana mti utakaolipa deni hilo kwa ugumu wake.

Wajenzi wa zamani wa pwani walilitii jambo hili katika kazi yao. Katika nyumba za mawe za Lamu za karne ya 18, ukuta wa chumba cha ndani ulipambwa kwa vidaka, safu juu ya safu, navyo vilitumika kuwekea vyombo vya kauri na vitu vya thamani. Kila kidaka ni kifupi, na kila kimoja kina kingo mbili za kukishika. Mawe ya matumbawe na chokaa hustahimili kushindiliwa, lakini hayastahimili kuvutwa. Kwa hiyo hayavuki nafasi ndefu bila ya kupasuka. Hata upana wa vyumba ulifuata sharti hilo. Dari zilichukuliwa na boriti za mikoko, na chumba kilikuwa chembamba, aghalabu kisichopita mita 3, kwa kuwa boriti haikuweza zaidi. Nyumba nzima ilipimwa kwa uwezo wa kile kilichoibeba.

Seremala wa leo ana dawa tatu. Iliyo bora ni kusogeza mihimili karibu karibu: ubao wenye unene wa sentimita 2 usiachwe peke yake kupita sentimita 60 au 75. Ubao uliofanyizwa kwa chembe za mbao na gundi hunepa upesi zaidi, basi hutaka mihimili ya karibu zaidi. Dawa ya pili ni unene. Kutoka sentimita 2 hata 2.5 ni nyongeza ndogo kwa macho, lakini hupunguza kunepa karibu kwa nusu.

Dawa ya tatu ni ukingo. Galileo Galilei, katika kitabu chake cha mwaka 1638, alieleza sababu ya ubao uliosimamishwa kwa ubavu kuwa na nguvu za kustahimili mzigo kuliko uliolazwa. Kipande chembamba chenye kimo cha sentimita 5 na unene wa sentimita 2, kikisimamishwa, ni kigumu kupinda kuliko ubao mzima wa upana wa sentimita 25 wenye unene huo huo uliolazwa. Kikitiwa gundi na kukazwa mbele ya rafu, na nyuma ubao ukilazwa juu ya mti uliofungwa ukutani, rafu huwa na egemeo pande zote.

Wako wanaougeuza ubao ulionepa, tumbo likawa mgongo. Huko ni kuahirisha; baada ya muda ubao huinama upande wa pili.

Jambo hili si la urembo tu. Vitabu vingi vya mwanafunzi vimenunuliwa kwa kujinyima, na juu ya ubao ulioinama huegemeana hata migongo yao ikalegea. Tena rafu ndefu isiyofungwa ukutani yaweza kumwangukia mtoto aipandaye. Rafu haina ulimi wa kukataa mzigo. Mwenye kuitwika hana budi kuisemea, kwa kipimo na hesabu, kabla ya kitabu cha kwanza kuwekwa.