Gari Linapogonga, Tafuta Chanzo

Ndugu mtahiniwa, dalili si chanzo. Wengi hupoteza alama kwa kuchanganya mambo haya mawili, na huku mitaani watu hupoteza fedha.

Baba mdogo ana gari dogo la mizigo. Hubeba mahindi kutoka Kwamsisi hadi Mkata, kwenye barabara kuu ya Chalinze–Segera. Nilipokuwa kidato cha tatu, gari lilianza kugonga upande wa kushoto na kuvuta pembeni kila alipokanyaga breki. Fundi mmoja alilisikia likipita akasema, "Shokapu zimekufa, nunua mbili." Fedha pekee iliyokuwapo nyumbani ilikuwa ada yangu.

Fundi wa pili, mtu mzima, alisema, "Tupime kwanza." Alizuia magurudumu ya nyuma kwa mawe, akainua mbele kwa jeki na kuliegemeza gari kwenye stendi za chuma, kwa sababu jeki peke yake haiaminiki. Akapenyeza mtaimbo kati ya fremu na amu, yaani mkono wa chuma unaoshika gurudumu. "Haya mwanangu, sukuma taratibu." Amu ikacheza. Mpira wa bushi ulikuwa umechanika na kubanduka kwenye chuma.

Zingatia hesabu. Ukisukuma kwa 200 N, mita 1 kutoka kwenye egemeo, na mzigo ukiwa mita 0.05 upande wa pili, nguvu inayofika kwenye amu ni 200 × 1 ÷ 0.05 = 4000 N, bila kuhesabu msuguano. Ndiyo maana mtaimbo hufichua ulegevu usioonekana kwa kutikisa gurudumu kwa mikono.

Sasa elewa bushi yenyewe: bomba dogo ndani ya bomba kubwa, na mpira katikati. Amu inapopanda na kushuka, mpira hauzunguki. Hujipinda kisha hurudi. Kwa hiyo bolti za amu hazikazwi kabisa wakati gurudumu linaning'inia. Ukikaza hivyo, gari likishushwa amu hupanda, mpira hubaki umejipinda hata gari likiwa limesimama, na huchanika mapema. Fundi alizishika bolti kidogo tu, akashusha gari, akalitikisa likae sawa, ndipo akazikaza. Pia alinikataza kupaka grisi ya kawaida, kwani mafuta huvimbisha na kulainisha mpira.

Tulinunua bushi mbili, kwa bei ndogo sana kuliko ya shokapu. Baadaye magurudumu yalipimwa upya yaelekee sawa. Kugonga kukaisha, nami nikalipiwa ada.

Basi swali likisema "eleza sababu", usitaje mlio. Onyesha kilicholegea, namna ulivyokipima, na kwa nini kililegea.