Wati Tano na Betri ya Bodaboda

Klabu yetu ya elektroniki ina shilingi milioni tatu na kidogo, na ina kambi mbili. Kambi ya kwanza inataka tununue redio moja ya maana, Icom IC-705, tuifungie kabatini na tuwe tunaitoa siku za safari. Kambi ya pili inasema hela hiyohiyo inunue seti kadhaa za kujiunganishia wenyewe, kila watu wawili wawe na redio yao. Naandika kwa ajili ya wale ambao hawakuja mkutanoni, na wale wanaotuuliza kwenye foleni ya kantini, "Nyie mnagombania redio ya kusikiliza mpira?"

Hapana, si ya mpira. Redio ya ridhaa inapokea na inatuma, na anayeitumia ni mtu binafsi mwenye leseni, asiyefanya nayo biashara. Kwetu leseni inatolewa na TCRA, na alama ya mwito ya Tanzania inaanza na 5H. Watu wa umri wa baba zetu chombo chochote cha aina hiyo wanakiita redio ya upepo au redio koli, kwa kuwa walikiona polisi, kwenye hospitali za misheni na kwenye magari ya hifadhi. Sisi tunatafuta ndogo yake: ya kubeba mgongoni, yenye wati chache, ambayo ukifika juu ya jiwe unarusha waya mtini na kuongea na Dodoma, au hata Ulaya, bila mnara wa mtu yeyote katikati.

Mimi ni wa Bariadi, na upande wa mama ni Meatu. Mwezi wa saba, tukiwa likizo, mhadhiri wetu mmoja mwenye leseni alikuja Simiyu kwa siku nne na redio tatu kwenye begi. Aliyetuma muda wote ni yeye. Mimi leseni sina bado, kwa hiyo kazi yangu ilikuwa waya, betri, daftari na kusikiliza. Ninayoyasema hapa ndiyo niliyoyaandika kwenye daftari hilo.

Redio ya kwanza ni Yaesu FT-817ND, ukoo uliotoka mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wati 5, kilo moja na kidogo, na inashika masafa mafupi na pia yale ya juu ya redio koli za kawaida. Haitengenezwi tena, hata mdogo wake FT-818 wa mwaka 2018, aliyeongezewa wati moja, ameshaondolewa sokoni. Ukiipata ni ya mkononi. Ya pili ni Xiegu G90 ya China, wati 20. Haina betri ndani, ila ina kitu kimoja kitamu: kifaa cha kuilinganisha na antena kimo humohumo, kwa hiyo ukikata waya vibaya inakusamehe. Ya tatu ni QMX ya QRP Labs, bodi ndogo ambayo ukiitia kwenye kasha lake inalingana na pakiti ya sigara. Hii tuliiunganisha sisi watatu kwenye maabara, jioni sita mfululizo, tukizungusha waya mwembamba kwenye vipete vidogo mpaka macho yakauma. Tunaitumia kwa Morse. Wati zake ni kama 5.

IC-705 hatukuwa nayo, na wala siisemi vibaya. Ni redio nzuri sana. Ilitoka mwaka 2020, ina kioo cha rangi cha kugusa kinachokuonyesha masafa mazima kama maporomoko ya maji, ina GPS, inatoa wati 5 kwa betri yake na 10 ukiipa umeme wa nje. Elecraft KX2 ya Marekani nayo haifiki nusu kilo, na ikiwa inapokea tu inakula kama miliampea 135, jambo la ajabu kwa redio ya sauti. Ila moja inataka zaidi ya dola 1,200 na nyingine ukiiongezea vifaa vyake inavuka elfu moja. Hiyo ni kabla ya usafirishaji na ushuru. Wewe mwenye bumu la mwezi jipigie hesabu.

Siku ya kwanza tulijaribia nyumbani, Bariadi mjini. Mji wenyewe una kichekesho chake kwa watu wa redio: upo karibu kabisa na mstari wa longitudo 34 mashariki, na mstari huo ndio unaotenganisha miraba miwili ambayo wanaridhaa duniani hutumia kutaja mahali walipo, KI67 na KI77. Unaweza kuhama mraba kwa kwenda kwa jirani. Lakini kusikia ilikuwa shida. Taa za LED, chaja za simu, ving'amuzi, fundi wa kuchomelea mageti nyumba ya tatu: mshale wa kupima mawimbi ulikaa kwenye S7 hata pasipo mtu anayeongea. G90 na wati zake 20 ikatuma vizuri tu, watu wa mbali wakatusikia, sisi tukabaki kusema "rudia, rudia."

Siku ya pili tukaenda Meatu, kijijini kwa kina mama. Hakuna nguzo ya umeme karibu. Kabla ya yote tulipita kwa mwenyekiti wa kijiji, na hili nawasihi wote mtakaokwenda kule: upande ule mapori ya akiba hayako mbali, na wageni wenye mabegi na nyaya wanaopanda kwenye mawe bila kujitambulisha wanafanana na watu wasiotakiwa. Mwenyekiti hakuwa na neno. Mzee mmoja aliyekuwa pale, baada ya mwangaluka za kutosha, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kijana, sema kweli. Hii si ya kutafutia dhahabu?" Mhadhiri akacheka, akamwekea mzee spika sikioni. Mzee akasikiliza mluzi wa Morse, akatikisa kichwa, akasema basi hiyo dhahabu iko mbali.

Antena ilikuwa waya wa kawaida wa mita 20 na kidogo, nusu ya urefu wa wimbi kwa masafa ya megahezi 7, na mwingine wa mita 10 kwa megahezi 14. Kuupandisha kwenye mkwaju ndiko kulikotupa shida, mpaka kijana mmoja mchunga ng'ombe akatoa manati. Tukafunga jiwe kwenye mshipi wa kuvulia niliounua Lamadi, akavuta, akapitisha tawi la juu kwa mara ya kwanza. Wapo watu Ulaya wanaouziwa mitambo maalumu ya kurushia kamba hiyo.

Tulipowasha, mshale ulilala. S1, na mara nyingine sifuri kabisa. Ule ukimya sijawahi kuusikia kwenye spika ya redio. Saa tano asubuhi, megahezi 7, FT-817 na wati zake 5, mhadhiri akamwita rafiki yake aliyekuwa Dar es Salaam, umbali wa mamia ya kilomita kwa mstari ulionyooka. Akajibu. Dhaifu, lakini kila neno lilieleweka. Tukahamishia antena kwenye G90, wati 20. Jibu: "Umepanda kidogo." Basi. Na hesabu ndivyo inavyosema: kuzidisha nguvu mara nne ni desibeli 6, na desibeli 6 ni hatua moja tu kwenye mshale wa S. Waya ule ungebaki chini kwenye majani, tungepoteza zaidi ya hapo.

Jioni tukaweka QMX kwenye megahezi 14, na Italia ikajibu kwa Morse. Wati 5, waya wa mita 10, betri ya pikipiki.

Betri ndiyo habari yenyewe, na ndiyo sababu kambi yangu haichoki kupiga kelele. Watu wakilinganisha redio wanaangalia inatuma wati ngapi. Mtu wa porini hatumi, anasikiliza. Katika saa moja labda anatuma dakika tano. Chukua betri ya pikipiki ya volti 12, Ah 7, ambayo fundi yeyote wa bodaboda Bariadi anayo. Betri ya asidi usiimalize. Itumie nusu, yaani Ah 3.5. G90 ikisikiliza tu inaweza kula mpaka nusu ampea, kwa hiyo saa saba umekwisha. FT-817 haipishani nayo sana. QMX inakula kama miliampea 80. Gawanya mwenyewe: zaidi ya saa arobaini. Ndiyo tofauti ya kurudi mjini kuchaji kila siku na kukaa kijijini siku nne kwa sola ya wati 20 juu ya paa la bati. Jambo moja tu: betri iliyojaa inakaribia volti 13, na QMX yetu imeunganishwa kwa ajili ya 12, kwa hiyo tuliweka diodi mbili kwenye waya wa umeme kushusha. Na vile vidhibiti vya bei rahisi vya sola vinapiga kelele kuliko fundi wa mageti. Ukitaka kusikia, chomoa sola kwanza.

Nilibeba pia ile Baofeng UV-5R ya mkononi ambayo mnaiona kwa walinzi wa kumbi za harusi, maana wapo wanaosema inatosha. Mhadhiri alibaki nayo juu ya jiwe, mimi nikaenda na nyingine kwa bodaboda kuelekea bondeni, nasikiliza tu. Nilimpoteza nikiwa kilomita ya sita. Masafa yake yananyooka kama macho. Jicho lisipoona, nayo haifiki. Kwa kazi ya jiwe kwa jiwe ni nzuri na ni rahisi. Kwa kufika wilaya ya pili, sahau.

Sasa nije kwa mama mdogo. Yeye ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii kijijini pale. Mtandao wa simu unapatikana chini ya mti mmoja na juu ya kichuguu kimoja, na mvua kubwa zikija, mnara ukizimika, haupatikani kabisa. Masika iliyopita ulikata siku mbili; akamtuma mwanangu wa mjomba kwa baiskeli na karatasi mkononi, kilomita 19 za tope, kuomba gari la kumchukua mama mjamzito. Gari lilikuja kesho yake asubuhi. Mama na mtoto wako hai, lakini mama mdogo bado anausimulia usiku ule kwa sauti ya chini.

Alikaa nasi mkwajuni mchana kutwa. Aliposikia Dar inajibu kwa sauti ya mtu, akauliza, "Mwalimu, na mimi naweza kuitumia hiyo?"

Mhadhiri hakumpamba. Alimwambia leseni ya ridhaa si ya kazi za kila siku za zahanati. Zahanati inataka mtandao wake na kibali chake. Ila dharura ni dharura, na kanuni za kimataifa zinaruhusu vituo vya ridhaa kupeleka ujumbe wa watu wengine wakati wa maafa. Lakini awepo mwenye leseni upande wake, na awepo mwingine anayesikiliza upande wa pili. Mama mdogo akanyamaza, kisha akaniangalia mimi. "Basi soma haraka."

Hapo ndipo ninapoachana kidogo na kambi yangu. Seti za QMX tupu hazitoshi, kwa sababu mama mdogo hatajifunza Morse, na siku ya shida hakuna atakayemwomba ajifunze. Sauti inahitajika. Lakini IC-705 moja kabatini haimsaidii pia: redio moja haiongei na yenyewe, na redio ya milioni tatu hakuna atakayethubutu kuiacha kwenye vumbi la Meatu wala kuifungua ikiharibika. Transista za QMX tukiziunguza tunabadilisha wenyewe.

Pendekezo langu ni G90 moja, ambayo huko nje ni kama dola 450, na QMX nne. G90 ikae chuoni kwenye antena nzuri, umeme upo, ulafi wake hauna neno. QMX ziende na watu nyumbani likizo: Meatu, Ngara, Nachingwea, popote mtu anapotoka. Anayebeba awe na leseni yake mwenyewe, kwa hiyo sehemu ya hela ilipie maombi, na tufuate taratibu za TCRA za kuingiza vifaa kabla mzigo haujafika, siyo baada. Sauti ya kijijini itasubiri redio ya pili ya sauti, mwakani, tukishakuwa na watu wa kuishika. Morse kwa sasa inafundishwa Jumamosi saa nne kwenye maabara, na waliobaki darasani ni saba.

Wiki iliyopita mama mdogo alipiga simu kutoka kichuguuni. Mawingu yameanza kutoka upande wa Ziwa Victoria, na radi za ziwa lile zinajulikana Afrika nzima. Anauliza waya wetu mtini aufanye nini. Nikamwambia aushushe leo hiihii, auzungushe vizuri na auweke ndani. Mshipi auache palepale juu ya tawi.