Aliyeacha Kiti Akaenda Kuzamia

Kwa miaka mingi watu wa mijini wamelitumia neno "mzamiaji" kwa maana isiyo na uhusiano wowote na samaki. Mzamiaji ni kijana aliyejificha ndani ya meli katika bandari ya Dar es Salaam au Mombasa, akaibukia ng'ambo bila pasipoti wala mwenyeji. Kuzamia, kwa maana hiyo, ni kuikimbia nchi. Mwaka huu nimelazimika kulitafakari neno hilo kwa maana yake ya asili, kwa sababu ya kijana mmoja niliyemfundisha, ambaye ameacha utumishi wa umma ili awe mzamiaji wa kweli: mtu wa kupiga mbizi na kuwaongoza wengine chini ya bahari.

Kijana huyo alisoma utawala wa umma, akafaulu vizuri, akaajiriwa katika ofisi moja ya serikali huko Dodoma. Alikaa humo miaka minane. Mshahara ulifika kwa wakati, posho za safari hazikukosekana, wala hakuna mkubwa aliyemwonea. Kazi yake ilikuwa kuandaa taarifa za robo mwaka. Alikusanya takwimu kutoka wilayani, akazipanga katika majedwali, akaandika dokezo, jalada likapanda ngazi. "Mwalimu," aliniambia, "kwa miaka minane sijawahi kuulizwa swali hata moja juu ya jambo nililoandika." Nimewahi kusikia malalamiko mengi ya watumishi juu ya mishahara, uhamisho na vyeo. Lalamiko hili lilinigusa zaidi, kwa kuwa halikuwa na mtuhumiwa.

Alikwenda Mafia. Wasomaji wa bara huenda wanakifahamu kisiwa hicho kwa jina tu. Hifadhi ya Bahari ya Mafia ilianzishwa mwaka 1995, ikiwa ya kwanza ya aina yake nchini, na ina eneo la kilomita za mraba 822 hivi, pamoja na Ghuba ya Chole na vijiji vya watu waliokuwepo kabla ya hifadhi. Kati ya Oktoba na Machi, potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, huja kula karibu na Kilindoni. Wageni husafiri kutoka mbali ili kuogelea naye, na wengine huvaa mitungi ya hewa ili kuyatazama matumbawe.

Niliwahi kwenda kumwona, wakati wa likizo ya chuo. Sikuzama, nilikaa ndani ya boti nikitazama. Kabla ya mtu yeyote kujitupa majini, kijana wangu alimkagua kila mgeni mmoja mmoja: mtungi umefunguliwa, hewa inatosha, mkanda wa vyuma vya uzito unafunguka kwa mkono mmoja. Alinieleza kwamba katika kina cha mita 10 shinikizo huwa mara mbili ya lile la juu ya maji. Kwamba anayeanza hapaswi kupita mita 18, na mzamiaji wa starehe, hata awe mzoefu, hapaswi kupita mita 40. Wakati wa kupanda ni marufuku kubana pumzi, kwa kuwa hewa hutanuka na inaweza kuyapasua mapafu. Tena mtu hupanda polepole na kusimama kwenye mita 5 kwa dakika 3, ili nitrojeni iliyoingia mwilini itoke taratibu.

Hapo ndipo nilipoelewa alichokuwa akikitafuta. Watu hudhani kwamba anayeacha ofisi na kwenda pwani anatafuta raha. Huyu alitafuta uwajibikaji. Katika kazi yake mpya, akizembea asubuhi, mtu anaweza kufa kabla ya adhuhuri, na kila mmoja atajua nani alizembea. Katika ofisi aliyoiacha, uzembe ungeweza kukaa miaka mitano ndani ya jalada bila kumjua mwenyewe. Bidii nayo ingekaa hivyo hivyo.

Kabla ya safari yangu hiyo, baba yake alikuja kuniona. Ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mtu wa Pangani. Nilimwamkia, akaitika, akakaa kimya kwa muda. Kisha akasema: "Dokta, baba yangu alikuwa mvuvi, na bahari ndiyo iliyomchukua. Mimi nilisoma ili nitoke majini. Nikauza kiwanja ili huyu asome zaidi yangu. Leo amerudi majini kwa hiari yake." Aliniomba nimshauri kijana aombe kurudishwa kazini. Aliniuliza pia nani atamlipia ada binti yake mdogo aliye katika chuo cha uuguzi, maana kaka ndiye aliyekuwa akilipa.

Hoja za mzee haziwezi kupuuzwa na mtu mwenye haki. Wahenga walisema kazi mbaya si mchezo mwema, na walijua walichokisema. Miongoni mwetu mshahara si mali ya mtu mmoja. Ni ada ya mdogo, ni dawa ya bibi, ni bati la nyumba ya kijijini. Mfumo wa hifadhi ya jamii nao umejengwa kwa ajili ya anayebaki. Sheria ya mwaka 2018 iliyounganisha mifuko ya watumishi wa umma iliweka fao la kukosa ajira kwa ajili ya aliyepoteza kazi, si kwa ajili ya aliyeiacha kwa ridhaa yake. Utalii nao ni kazi ya msimu. Masika ya Aprili na Mei yakifika, hoteli nyingi za Mafia hufungwa. Na mwaka 2020, ugonjwa wa Uviko-19 uliposimamisha ndege, watu waliotegemea wageni walijua maana ya ukame katikati ya bahari.

Hata hivyo, nilimwambia mzee jambo alilokuwa hajalijua. Mwanawe hakuondoka kwa pupa. Aliweka akiba kwa miaka miwili, akatumia likizo zake za mwaka kupata vyeti vya mwanzo, akamaliza deni la mkopo wa elimu ya juu, akatoa notisi na kukabidhi ofisi kwa maandishi. Ada ya mdogo wake alikuwa ameitenga hadi mwisho wa mwaka wa masomo. Alipanda kama mzamiaji anavyopaswa kupanda. Kwa hiyo sikukubali ombi la kumrudisha. Nilimwambia: "Mzee wangu, ulimsomesha ili awe na uwezo wa kuchagua. Amechagua." Hakufurahi. Alinishukuru kwa heshima, akaondoka.

Lakini suala hili halimhusu kijana mmoja na baba yake tu. Miongoni mwa wakufunzi wa uzamiaji niliokutana nao katika mwambao wetu, kuanzia Nungwi hadi Mafia, kuna Wazungu ambao nao waliacha ofisi, za London au za Berlin. Huko kwao simulizi hiyo husifiwa kuwa ujasiri. Kwetu, Mwafrika akifanya vilevile, ndugu huulizana kama amerogwa. Tofauti haiko katika moyo wa mtu. Iko katika pasipoti inayofungua milango, katika akiba, na katika bima ya afya ya nchi anayoweza kurudi. Uhuru wa kuacha kazi umegawanywa duniani bila usawa, kama ulivyogawanywa utajiri.

Upande wa pili wa boti niliwaona vijana wa kisiwani wakibeba mitungi. Wanaijua mikondo ya maji kuliko mtu yeyote, wanajua kusi inavyovuma na kaskazi inavyoleta maji maangavu. Wanachokikosa ni cheti, ambacho hulipiwa kwa dola na, katika mafunzo niliyoyaona, hufundishwa kwa Kiingereza. Hivyo bahari ni yetu, na kazi ya kuielezea inashikwa na wengine. Vyuo vyetu vya ufundi vinafundisha udereva, ushonaji na uungaji vyuma. Sioni sababu ya wilaya yenye hifadhi ya bahari kukosa darasa la uzamiaji kwa Kiswahili.

Nisieleweke kwamba bahari yenyewe ndiyo inayomweka mtu huru. Katika Ghuba ya Uajemi, Waafrika waliopelekwa utumwani kutoka mwambao huu walizamishwa kutafuta lulu kwa faida ya mabwana, hadi biashara hiyo ilipoporomoka baada ya lulu za kufugwa za Japani kuingia sokoni. Walipiga mbizi katika maji ya uvuguvugu yaleyale ambayo leo huitwa pepo. Kinachotenganisha hali hizo mbili ni hiari.

Wala siwahimizi watumishi wanaonisoma waandike barua za kuacha kazi. Mwananchi anayesubiri hati ya kiwanja au cheti cha kuzaliwa anamhitaji mtu makini aliyeketi kwenye kiti chake. Ninachowaomba wakuu wa idara ni kidogo zaidi na kigumu zaidi: taarifa ikiletwa mezani, isome, ukiisoma, uliza swali, ukijibiwa, mrejeshee mwandishi uamuzi uliofikiwa. Hayo hayahitaji bajeti wala semina. Kijana wangu angeulizwa swali moja kila robo mwaka, huenda taifa lingekuwa bado na mtumishi hodari Dodoma. Sasa lina mzamiaji hodari Mafia, na kiti alichokiacha, nimeambiwa, kimekwisha kupata mtu mwingine wa kuandika taarifa.