Mlio wa Motokaa ya Babu

Na Mwanafunzi wa Zamani

Motokaa mpya hunyamaza, na motokaa iliyozeeka husema. Kazi ya mwenye kuitunza ni kujua ni kiungo gani kinachosema, maana vyuma vingi vimo chini ya boneti moja, na sauti ya kimoja hupita katika mwili wa kingine. Mhariri wa kurasa zetu za Kiswahili ameniomba niandike jambo ambalo wanafunzi walio shuleni sasa wanaweza kulitumia. Nimechagua habari ya mlio uliotusumbua nyumbani mwezi wa Desemba 2004, nilipokuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu, kwa sababu mlio ule nusura umnyime dada yangu nafasi ya kusoma.

Kwanza niwajulishe motokaa yenyewe. Ilikuwa Peugeot 404 ya mwaka 1967, ile ndefu yenye safu tatu za viti. Kampuni ya Peugeot ilianza kuziunda huko Ufaransa mwaka 1960, na umbo lake lilichorwa na Pininfarina wa Italia. Vijana wa leo hawaijui sana, lakini wazee wa Uganda, Kenya na Tanzania wanaikumbuka. Katika mashindano ya Safari ya mwaka 1963 motokaa 84 ziliondoka, na 7 tu zikafika mwisho. Ya kwanza ilikuwa 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff. 404 zikashinda tena miaka ya 1966, 1967 na 1968. Basi watu wakasema kwamba gari hili haliogopi matope wala mawe.

Babu yangu alikuwa mtu wa reli huko Tororo, mpaka shirika la reli la Afrika Mashariki lilipovunjika mwaka 1977. Kiswahili chake alikipata huko, na kadhalika ile tabia yake ya kusikiliza vyuma. Alinunua 404 ile kwa mtu mwingine, akapanda nayo mpaka kijijini kwetu, katika miteremko ya Mlima Elgon juu ya Budadiri. Huko ilifanya kazi za kila namna. Ilishusha magunia ya kahawa, vitunguu na ndizi mpaka Mbale. Ilibeba maharusi. Usiku ilipeleka hospitali wagonjwa na akina mama walioshikwa na uchungu. Kijiji kizima kiliiita "motokaa yetu", ingawa petroli ilikuwa ya Babu peke yake.

Mwezi ule wa Desemba, wakati wa mavuno ya kahawa, ndipo mlio ulipoanza. Ulikuwa mlio wa kugonga, ko-ko-ko, kama mtu abishaye hodi kwa fundo la kidole. Asubuhi, injini ikiwa baridi, haukusikika. Lakini baada ya dakika kumi hivi za mwendo ulikuja, na ulisikika zaidi Babu alipokanyaga mafuta kidogo tu. Akikanyaga sana, ngurumo ya injini yenyewe iliufunika.

Tuliipeleka kwa fundi mmoja mjini. Alisikiliza, akatikisa kichwa, akasema, "Mzee, pole. Hizi ni beringi za mikono ya pistoni. Injini ikiwa baridi oili ni nzito, inazishika. Ikipata moto, oili inakuwa nyepesi, na beringi zilizolika zinagonga. Ukiendelea hivi, siku moja mkono utavunjika na kutoboa injini. Lazima tuifungue yote, tuchonge krenki, tuagize vipuri Kampala." Kisha akataja bei.

Bei ile ilikaribia karo ya mwaka mzima. Na karo hasa ndiyo iliyokuwa ndani ya sanduku la Bibi. Dada yangu alikuwa amemaliza darasa la saba, anangoja matokeo ya mtihani ili aingie sekondari mwezi wa Februari. Wakumbukeni watoto wa siku zile: mpango wa serikali wa elimu ya msingi bila ada ulianza mwaka 1997, lakini ule wa sekondari haukuanza mpaka mwaka 2007. Aliyekosa karo alibaki nyumbani, akili zake ziwe kali namna gani. Tena bila motokaa kahawa isingefika sokoni, na karo za miaka iliyofuata zingetoka wapi? Babu alikuwa kati ya moto na maji. Njiani kurudi hakusema neno. Tulipofika alisema, "Mjukuu wangu, kabla hatujavunja sanduku, tuulize injini maswali yetu wenyewe. Siku mbili tu."

Swali la kwanza lilikuwa la oili. Tuliimwaga kwenye karai, tukaichuja kwa kitambaa cheupe. Beringi zikilika vibaya huacha chembe zinazong'aa katika oili. Tulitazama juani, hatukuona hata moja. Hiyo haikutosha kuwa ushahidi, lakini ilitupa moyo.

Swali la pili lilikuwa la plagi. Injini ya 404 ina silinda nne, jumla yake sentimeta za ujazo 1618. Mkono wa pistoni ukigonga, hugonga kwa sababu ya nguvu ya moto unaolipuka katika silinda yake. Basi ukiondoa waya wa plagi ya silinda ile, mlipuko hakuna, na mlio hupungua. Babu alinionyesha kushika waya kwa kitambaa kikavu kilichokunjwa mara nyingi, maana umeme wa plagi ni mkali kama nge. Tuliondoa waya mmoja mmoja. Injini ilitetemeka na kulegea kila mara, lakini ko-ko-ko haikubadilika. Babu akasema, "Huyu shahidi hakubaliani na fundi."

Swali la tatu lilikuwa la valvu. Injini ilipopoa tulifungua kifuniko, tukapima nafasi zake kwa vile vibati vyembamba: sehemu ya kumi ya milimeta kwa valvu za kuingiza, na robo ya milimeta kwa za kutoa moshi. Mbili zilikuwa zimelegea, tukazikaza. Injini iliimba vizuri zaidi, lakini mgeni wetu hakuondoka.

Swali la nne lilikuwa la feni. Feni ya 404 ina maarifa yake: huzunguka na mkanda wakati tu maji yanapopata moto, ndipo sumaku ya umeme inapoikamata. Nilidhani mwizi amepatikana, kwa sababu naye huanza kazi injini ikipata moto. Tukachomoa waya wa sumaku. Feni ikasimama, mlio ukaendelea. Mwisho Babu alichukua fimbo ndefu ya mti mkavu, akaweka ncha moja kwenye injini na nyingine sikioni, akaihamisha hapa na hapa kama daktari. Sauti ilikuwa kubwa zaidi upande wa mbele. Lakini mbele kuna mengi: mnyororo wa ndani, pampu ya maji, dinamo. Siku ya kwanza ikaisha hivyo.

Jioni, tukila, Babu alieleza shida yetu. Bibi alikuwa akimenya viazi, hakuinua hata macho. Akasema, "Mbona usiku haigongi?"

Babu akamwuliza, "Usiku gani, mama?"

"Juzi tulipompeleka binti wa jirani kujifungua. Kutoka hapa mpaka Mbale, na kurudi. Nilikaa nyuma nikimshika, nikaomba Mungu mlio ule usimtie hofu. Haukulia hata mara moja."

Babu akanyamaza kwa muda mrefu. Safari ile ilikuwa ndefu, na injini ilikuwa ya moto kabisa. Kama oili nyepesi ndiyo sababu, usiku ule ingaligonga njia nzima. Basi usiku una nini ambacho mchana hauna? Baridi? Baridi ya nje haifiki ndani ya injini iliyokwisha kupata moto. Mimi nikasema, "Usiku tunawasha taa."

Nilisema hivyo kwa sababu muhula ule mwalimu wetu wa fizikia alikuwa ametuletea baiskeli darasani. Aliigeuza magurudumu juu, akatuambia tuzungushe gurudumu lenye dinamo. Taa ikiwa imetengwa na waya, gurudumu lilizunguka kwa wepesi. Alipounganisha waya na taa kuwaka, gurudumu likawa zito mkononi. Akasema kwamba umeme hautolewi bure: dinamo inayotoa umeme humkataza anayeizungusha, na dinamo isiyotoa huzunguka kama kitu mtupu. Wengi tuliandika maneno hayo kwa ajili ya mtihani tu.

Hatukungoja asubuhi. Tulitoka na kandili, tukawasha injini, tukangoja mpaka mlio ukaja. Babu akawasha taa kubwa: kimya. Akazima: ko-ko-ko. Akawasha: kimya. Alifanya hivyo mara tano au sita, na kila mara alicheka kama mtoto, hata majirani wakatoka kutazama.

Asubuhi yake tulifanya jaribio moja zaidi, nalo ndilo lililonipendeza kuliko yote. Fundi alisema injini baridi hainguruma hivyo. Sisi tukadhani kwamba asubuhi ilinyamaza kwa sababu nyingine: stata hunyonya betri sana, basi kwa dakika za kwanza dinamo hufanya kazi nzito ya kuijaza tena, betri ikishajaa, dinamo hubaki bila mzigo, ndipo mlio unapoanza. Kama fikira hiyo ni kweli, tukiiwasha injini kwa hendeli bila kuigusa stata, na betri imejaa, itagonga mara moja hata ikiwa baridi. Kama fundi ni wa kweli, itanyamaza. Mawazo mawili yalikuwa yamesimama mbele ya mwamuzi mmoja. Babu akazungusha hendeli mara tatu. Injini ikashika. Ikagonga papo hapo.

Hapo kazi iliyobaki ilikuwa ndogo. Tuliondoa mkanda wa feni, tukawasha injini kwa dakika moja tu, kwa sababu bila mkanda pampu ya maji haizunguki. Kimya. Tukazima. Nikashika puli ya dinamo, ile kapi inayozungushwa na mkanda, nikaitikisa. Ilikwenda mbele na nyuma kidogo kabla shafti haijafuata. Babu akafungua nati iliyokuwa imelegea, akavuta puli. Kati ya puli na shafti hukaa kipande kidogo cha chuma chenye umbo la nusu mwezi, ili viwili hivyo vizunguke pamoja. Kipande chetu kilikuwa kimelika pande zote mbili, chembamba kama mbegu ya boga.

Sasa tulielewa yote. Injini haizunguki kwa ulaini kama tunavyofikiri. Kila mlipuko huisukuma mbele, kisha hupunguza mwendo kidogo. Dinamo isipokuwa na mzigo, chuma chake kizito cha ndani huendelea na mwendo wake, na puli hucheza mbele na nyuma juu ya kile kipande, ikigonga huku na huku. Dinamo ikipewa mzigo wa taa, huegemea upande mmoja tu, ikatulia.

Babu alishuka Mbale kwa miguu na kwa lifti ya lori, mpaka kwa mtu mwenye mashine ya kukereza vyuma. Alichongewa kipande kipya kwa bei isiyofikia hata ya mkungu wa ndizi. Tukakitia, tukakaza nati pamoja na washa mpya, na mlio ule haukurudi tena. Mwezi wa Februari 2005 dada yangu aliingia sekondari, sanduku jipya kichwani. Leo yeye ni mwuguzi, na hupokea akina mama usiku kama wale tuliokuwa tukiwapeleka.

Msidhani kwamba ninamcheka fundi. Alikuwa mtu mwenye kazi yake, na alichokisikia alikisikia kweli. Beringi zilizolika hugonga hivyo hivyo. Babu alipita kwake baadaye akamwonyesha kile kipande kilicholika. Fundi alikigeuzageuza kwenye kiganja, akaomba apewe akiweke. Alisema, "Mzee, nitawaonyesha vijana wangu." Tangu siku ile, kila mteja aliyekuja na injini inayogonga, aliwasha taa kwanza.

Kwenu ninyi mlio shuleni, neno langu ni fupi. Dalili ikikubaliana na wazo moja, hiyo bado si hukumu, maana inaweza kukubaliana na mawazo mengine mawili. Tafuta jaribio ambalo wazo lako linaweza kushindwa, kisha lifanye kabla ya kulipa. Mwulizeni pia yule anayekaa nyuma, asiyejua jina la chuma hata kimoja: huenda amesikia ambacho ninyi hamkusikia. Na mwalimu wa fizikia akigeuza baiskeli magurudumu juu, sogeeni karibu mkashike gurudumu kwa mikono yenu.