Manowari za Kiganjani

Kiswahili hakikupata taabu kukipa jina kile kinachosafiri baina ya nyota. Kilikuwa tayari na neno chombo, ambalo kwa karne nyingi limebeba mtepe, jahazi na mashua. Kikaongeza "cha angani", mambo yakaisha. Na manowari, neno walilolishusha bandarini mabaharia wa Kiingereza, linafaa hata pale bahari yenyewe inapokuwa kiza kisicho na maji. Kwa hiyo msomaji wa pwani asistaajabu sana akisikia kwamba huko Uingereza wapo watu wazima, wenye kazi zao na wajukuu wao, ambao jioni hukaa chini ya taa wakisugua na kupaka rangi manowari za angani zinazoenea kiganjani.

Mchezo huo una nasaba. Mwaka 1898 H. G. Wells alichapisha kitabu chake cha uvamizi wa viumbe wa Mars, na mwaka huohuo Fred T. Jane akatoa kanuni za mchezo wa vita vya majini uliochezwa kwa vijimeli. Mwaka 1913 Wells alirudi na kitabu kingine, Little Wars, kilichowafundisha watu wazima kupiganisha askari wa risasi sakafuni, na ndani yake akashikilia kwamba vita vya namna hiyo ni bora kuliko vile vya kweli. Mwaka uliofuata Ulaya ikachagua vile vya kweli. Manowari za angani ni wajukuu wa watu hao wawili. Mwaka 1999 kampuni ya Games Workshop ya Nottingham ilitoa mchezo ulioitwa Battlefleet Gothic, wenye meli zilizojengwa mithili ya makanisa makuu ya kale, minara mgongoni na omo nzito kama ya kugongea. Mnamo 2013 mchezo huo uliondolewa sokoni. Tangu hapo meli zake za asili hupatikana kwa kupokezana tu, mkono kwa mkono, na wakati mwingine kutoka kwa wafiwa.

Ndivyo bwana mmoja wa kusini mwa Uingereza alivyopata sanduku lake. Aliyeliuza alikuwa mjane, na sharti lake lilikuwa moja: vyombo vya mumewe vichezewe, visifungiwe kabatini. Ndani mlikuwa na meli thelathini na ushei, zimepakwa rangi nzito ya buluu kwa mkono usio na ustadi mkubwa, na chini ya kila kitako limeandikwa jina kwa herufi ndogo nyeupe. Rangi ilikuwa imefukia madirisha yote. Hapo ndipo mashaka yalipoanza. Kuiacha rangi ni kuziacha meli zikiwa vipofu. Kuiondoa ni kufuta alama ya jioni zote za marehemu. Kwa wiki kadhaa yule bwana hakugusa kitu.

Aliyemwamulia ni risasi. Metali ya vyombo hivyo ni mchanganyiko: zamani ilikuwa risasi na bati, na antimoni kidogo ya kuigumisha, madini ambayo jamaa zake walisagwa kuwa wanja. Huyeyushwa na kumiminwa katika kalibu ya mpira inayozungushwa kwa kasi, hata ikasukumwa mpaka kwenye ncha nyembamba za minara. Kuanzia miaka ya 1990 watengenezaji wengi waliiacha risasi kwa ajili ya sumu yake. Lakini meli chache za sanduku lile zilikuwa za kale zaidi, nazo marehemu alizitunza kuliko zote, ndani ya mtoto wa meza wa mti wa mwaloni. Mwaloni hutoa mvuke wa asidi, jamii ya siki, ambao huila risasi taratibu na kuigeuza unga mweupe. Wahifadhi wa makumbusho wanaujua ugonjwa huo, kwani umeharibu sehemu za risasi katika vielelezo vya meli vilivyofungiwa makabatini. Unga ulikuwa umeanza kuchungulia chini ya buluu. Zile alizozipenda zaidi ndizo zilizokuwa zikifa.

Basi kazi ikaanza. Meli zilizamishwa ndani ya Dettol, dawa ileile ya vidonda, kwa siku nzima, kisha zikasuguliwa kwa mswaki mkuukuu. Anayejua hasuuzi kwa maji mwanzoni, maana maji yakikutana na dawa ile, rangi iliyolegea huwa utando wa kunata. Husuuza kwa Dettol hiyohiyo, ndipo afuate na maji ya sabuni. Zenye unga zilishikwa kwa glavu, zikiwa zimelowa, ili vumbi la sumu lisiruke. Mbili hazikuokoka, zilibomoka mkononi.

Rangi ilipotoka, yakajitokeza makosa ya kiwandani ambayo marehemu hakuyaondoa: mstari mwembamba ubavuni pale nusu mbili za kalibu zilipokutana, na vijinundu pale hewa ilipotokea. Mstari hukwanguliwa kwa kisu kilicholazwa, na palipobaki hupitishwa tupa laini. Kuzaa si kazi, kazi kulea: kiwanda humimina kwa dakika chache, na mkono hukaa na meli moja kwa jioni tatu.

Kupaka nako kuna hila zake. Chombo hicho hudhaniwa kuwa na urefu wa kilomita kadhaa, ilhali mezani hakifiki shibiri. Ukubwa wake hautoki ila katika udogo: kadiri nukta za madirisha zinavyopungua, ndivyo meli inavyokua. Hutangulia praima nyeusi. Kisha brashi iliyofutwa karibu rangi yote hupitishwa juujuu, ishike kingo tu. Kisha rangi ya majimaji huachwa iteremke mifereji. Angani hakuna hewa ya kulainisha kivuli, na ubavu usio na jua ni weusi mtupu. Mpakaji huupa mwanga kwa makusudi, la sivyo jicho lisingeona kitu.

Yule bwana alirudisha buluu ileile, ila nyembamba. Majina hakuyagusa, aliyapitishia vanishi tu. Watu wa pwani hawatamlaumu. Jahazi hupandishwa ufukweni, hukwanguliwa, hutiwa kalafati na kupakwa upya, wala hakuna asemaye kuwa limekuwa jahazi jingine. Vitako vya zile mbili zilizobomoka vimo sandukuni, vina majina na havina meli.

Sharti la mjane limetimizwa. Meli zimekwisha kutandazwa mara nyingi juu ya kitambaa cheusi, zikashinda na kushindwa. Mahali vidole vinapozishika, kwenye omo, rangi imekwisha kuanza kuchubuka, na itabidi ipakwe tena.