Kitufe cha Piga Hesabu

Diski ya zamani niliificha ndani ya soksi. Alhamisi usiku nilifungua skrubu za chini ya laptopu kwa bisibisi ya jirani, nikaichomoa, nikaweka mpya niliyonunua Luthuli kwa elfu tatu na mia mbili. Ile ya zamani ikaingia kwenye soksi ambayo mwenzake ilipotea kwa kamba ya nguo, na soksi nikaisukuma nyuma ya droo. Huo ndio uliokuwa ujanja wangu wote. Watu wengi hubadilisha mfumo wa kompyuta kwa kufuta ule wa zamani kwenye diski ileile, halafu wakianza kujuta hawana pa kurudi. Mimi nikishindwa, nafungua skrubu, narudisha diski, na dakika kumi baadaye ni kama hakuna kilichotokea.

Kitu sikufanya ni kumwambia mamangu.

Laptopu yenyewe ni ThinkPad X250, mtumba kutoka Uingereza. Kaka yangu aliinunua 2019, akaiacha nyumbani hapa Umoja alipoenda Doha kutafuta kazi. Ni nzito kiasi, kona moja imepasuka, lakini haijawahi kulala hospitali. Shida yake ni umri. Ndani ina prosesa ya Intel ya kizazi cha tano, na Windows 11 inataka kizazi cha nane kwenda juu, kwa hivyo ilikuwa imekwama kwenye Windows 10. Na Windows 10, kama mnavyojua, iliachwa tarehe 14 Oktoba 2025. Haikuzima siku hiyo. Iliendelea kuwaka kama kawaida, ila masasisho ya bure ya usalama yakakatika, na kila shimo litakalogunduliwa baada ya hapo linabaki wazi.

Mtu wa kuangalia filamu anaweza kupuuza hayo. Mimi kazi yangu ni kunakili mahojiano. Watafiti wananitumia sauti za watu wakieleza mambo ya ndani kabisa, magonjwa, ndoa, vitu ambavyo hata dada zao hawajui, nami nasikiliza na kuandika neno kwa neno. Mkataba wangu una mstari unaosema kompyuta lazima iwe inapata masasisho ya usalama. Mstari huo ndio unalipa nusu ya kodi ya nyumba.

Fundi mmoja wa Luthuli aliniambia anaweza kuingiza Windows 11 kwa nguvu. "Itaingia tu, madam, hizi tunazifanya kila siku." Ni kweli inawezekana, lakini Microsoft wenyewe wanasema mashine isiyotimiza masharti haina uhakika wa kupata masasisho, na masasisho ndiyo nilikuwa nayatafuta. Njia nyingine ilikuwa kuongezewa muda kwenye Windows 10 ileile. Unalipa dola 30, au unaingia kwa akaunti ya Microsoft na kukubali mipangilio yako ihifadhiwe huko bila kulipa, unasukuma mpaka tarehe 13 Oktoba 2026. Hiyo haikuwa njia mbaya. Niliiruka kwa sababu, nikisema ukweli, nilikuwa nimeshachoka na ile mashine kuvuma kama kinu cha posho kila nikifungua vitu vitatu. Na pia, wacha niseme tu, kulikuwa na majivuno kidogo. Chuoni kulikuwa na vijana waliokuwa wanafungua lile dirisha jeusi lenye maandishi ya kijani mbele ya watu. Nilitaka kuwa mmoja wao, hata kama ni miaka sita baadaye, peke yangu, jikoni.

Nikachukua Linux Mint. Faili lake ni karibu GB 3, nikalipakua kwa waifai ya jirani yuleyule wa bisibisi, nikaliweka kwenye flashi. Uzuri wake ni kwamba unaweza kuwasha kompyuta kutoka kwenye flashi na kuujaribu mfumo wote kabla hujagusa diski. Waifai ilishika. Sauti ilitoka. Kamera ikaonyesha sura yangu saa sita usiku, jambo ambalo sikuwa nimeliomba. Nikaweka. Feni ikanyamaza, nikadhani imekufa, nikaweka sikio kwa meza.

Siku mbili nilikuwa na raha. Kasoro niliyoiona ni faili za mteja mmoja, zilizoandikwa kwa herufi za Calibri, kufunguka zikiwa zimehama mistari. Nikaweka herufi zinazoitwa Carlito, ambazo zilichorwa kwa vipimo vilevile vya Calibri, na mistari ikarudi mahali pake. Nikajiambia basi, nimevuka.

Jumamosi jioni Mathe akaja kuchukua laptopu yake.

Naam, yake. Mimi nilikuwa nimeizoea kama yangu kwa sababu naishika masaa kumi kwa siku, lakini kila Jumapili ya pili ni ya mamangu. Yeye ni mweka hazina wa chama cha kina mama ishirini na wanne. Kaka yangu alimfundisha Excel kabla hajasafiri, na mamangu alijifunza akiwa na miaka hamsini na saba, kwa daftari. Ninamaanisha kwa daftari kweli, la kurasa 96, lenye hatua alizoandika kwa kalamu. Moja, washa. Mbili, ngoja. Tatu, bonyeza kile kijani mara mbili. Na mwisho wa ukurasa, bonyeza PIGA HESABU. Hicho kilikuwa kitufe ambacho kaka yangu alikitengeneza mwenyewe ndani ya ile karatasi. Ukikibonyeza, kinakuonyesha kila mwanachama anadaiwa faini ngapi kwa vikao alivyokosa.

"We msichana, umeifanyia nini hii kompyuta?"

"Ni ileile, Mum. Nimebadilisha tu mfumo."

"Kile kijani changu kiko wapi?"

Nikamfungulia karatasi yake kwa LibreOffice. Majina yote yalikuwepo, rangi zilikuwepo, tarakimu zilikuwepo. Kitufe pia kilikuwepo. Akakibonyeza. Akakibonyeza tena, polepole, kama unavyombonyezea kengele mtu mwenye usingizi mzito. Hakuna kitu. Kile kitufe kiliendeshwa na makro, maagizo yaliyoandikwa kwa lugha ya Excel, na LibreOffice huielewa lugha hiyo nusunusu tu. Niliporuhusu makro zifanye kazi ikaleta ujumbe mrefu wa makosa. Mamangu akausoma wote, halafu akafunga daftari lake na kuliweka mapajani.

"Kesho saa nane niko mbele ya watu," akasema. Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali apaze.

Saa nne usiku nikawa nimepiga magoti sakafuni na tochi ya simu mdomoni, maana tokeni za stima zilikuwa zimeisha, narudisha diski kutoka kwenye soksi. Windows ikawaka. Kijani kikawa mahali pake. Akabonyeza PIGA HESABU, akanakili faini zote kwenye daftari, akaenda kulala bila kuniambia usiku mwema.

Baada ya kikao tukafanya mkataba, mimi na yeye, juu ya chai. Ningeijenga karatasi yake upya kwenye mfumo mpya, bila makro, kwa fomula za kawaida. Tungeijaribu kwa hesabu za 2024, kwa sababu hizo zilishafungwa na watu wakagawana pesa zao Desemba. Kama tarakimu zangu zingelingana na za kaka yangu, Mint inabaki. Kama hazilingani, hata kwa shilingi, diski ya soksi inarudi na mimi nalipia ule mwaka mmoja wa nyongeza, kisha tutaona mbele. Tulikuwa na siku kumi na nne kabla ya kikao kingine. Nilikubali haraka. Kuhesabu visanduku vitupu kuna ugumu gani?

Kitu kimoja tu nilihitaji kumuuliza. Yeye huandika 1 mtu akija, na asipokuja anaacha kisanduku kitupu. Faini ni mia moja kwa kila kikao ulichokosa. "Na mtu akijiunga katikati ya mwaka," nikamuuliza, "faini yake inaanza lini?"

"Inaanza siku amejiunga. Kwani ingeanza lini?"

Nikaongeza safu ya tarehe ya kujiunga. Wote walikuwa Januari, isipokuwa mmoja aliyeingia mwezi wa tano, vikao tisa vikiwa vimepita. Ni mama mmoja anayeuza samaki karibu na steji.

Tuliketi Jumatano usiku kulinganisha. Mimi nasoma za kwangu, yeye anasoma za PIGA HESABU kutoka kwenye daftari la mwaka huo, anaweka alama kwa penseli. Mia tatu, mia tatu. Sufuri, sufuri. Mia tano, mia tano. Nilianza kujisikia vizuri. Tukafika kwa mama wa samaki.

"Mia mbili," nikasema.

"Elfu moja na mia moja."

Kwa masharti yetu, mfumo mpya ulikuwa umeanguka mtihani. Mamangu hata aliweka penseli chini, na nilimwona akitaka kutabasamu. Nikarudi kwenye fomula yangu kutafuta kosa. Sikuliona. Nikahesabu kwa kidole kwenye skrini: alikosa vikao viwili, wiki zile alizoenda kuzika nyumbani. Mia mbili. Tofauti ni mia tisa. Vikao tisa.

Kaka yangu aliandika kile kitufe wakati wanachama wote walikuwa wameanza siku moja, na hakuna aliyefikiria kwamba siku moja mtu angeingia amechelewa. Kitufe kiliona visanduku tisa vitupu kabla ya mwezi wa tano, kikaviita utoro. Kinatoa jumla tu, hakionyeshi kilivyofika hapo.

Mamangu alichukua penseli akahesabu mwenyewe, mara tatu. Halafu akakaa kimya muda mrefu. Nilikijua kilichokuwa kichwani mwake kwa sababu alinisimulia Desemba ile, akicheka. Yule mama alikuwa amesimama mbele ya wote akasema, mimi hiyo miezi sikuwa kwenu, mnanihesabia vipi? Na mamangu akamjibu kwamba kompyuta haina mpenzi wala adui, inasema ilichoona. Watu wakacheka. Yule mama akapokea pesa zake zikiwa zimekatwa, akakunja leso, na Januari hakurudi. Ikasemwa ni mtu wa maneno mengi, hawezi chama.

"Mia tisa," mamangu akasema. Kisha, "Ilikuwa mbele ya watu."

Nilimtumia kaka yangu ujumbe. Mwanzoni alijibu kwa vicheko, akaniambia si ningemuuliza yeye badala ya kusumbua mzee na Linux. Nikampigia picha mstari ule, na fomula, na daftari. Nikaona anaandika, anaacha, anaandika. Mwishowe ikaja, "Eish. Pole kwa Mum." Sikumlaumu. Mimi pia nilikuwa nimeingia kwa mashine ya mtu mwingine usiku na kubadilisha alichokitegemea bila kumuuliza. Tofauti ni kwamba yeye angalau alimwandikia hatua.

Alhamisi Mathe alitoka nyumbani mapema kuliko kawaida. Sijui walizungumza nini kule steji, na hajaniambia. Alirudi na samaki wawili ndani ya gazeti na sikuuliza kama alinunua au alipewa. Jumapili alisimama kwenye kikao, akasoma karatasi mpya jina kwa jina, akaeleza kosa, akasema ni lake kama mweka hazina kwa sababu yeye ndiye aliyesoma ile tarakimu. Kaka yangu hakutajwa. Mimi sikutajwa. Mia tisa zilitoka kwenye mfuko wa chama, na kuna mmoja aliyenung'unika.

Mama wa samaki hajarudi kwenye chama. Amesema atafikiria.

Wiki iliyofuata nilitaka kuifuta diski ya zamani niitumie kuhifadhi nakala za kazi. GB 240 hazitupwi ovyo, na sasa hatukuwa tena na swali la kurudi nyuma. Nilipofungua droo nikakuta soksi tupu. Mamangu alikuwa ameihamishia diski kwenye bahasha ya kaki anamoweka vyeti vyetu vya kuzaliwa na karatasi za shamba. Juu ya bahasha ndogo aliandika CHAMA 2024.

"Hiyo hufuti," akaniambia. "Siku mtu akisema nilidanganya, nitamwonyesha kitufe."

Halafu akakaa kando yangu na daftari, akafungua ukurasa mpya, akanipa kalamu kwa sababu mwandiko wangu unaonekana vizuri bila miwani.

"Andika. Moja, washa."

Nikaandika.

"Mbili, ngoja."

"Hii haingoji sana, Mum. Inawaka haraka."

"Andika ngoja."