Kibanda cha Moshi Uani Kwangu

Mkazi wa mjini anayependa kambale wa moshi aghalabu humnunua sokoni asijue amekaushwa kwa kuni gani. Hali hiyo ilinichosha, nikajenga kibanda cha moshi uani kwangu, Mbagala. Chini nilizungusha matofali kimo cha futi mbili, moto ukae humo. Juu yake nikapigilia mbao za mwembe zisizopakwa kitu, nikatia mlango wa bawaba na paa la bati lenye tundu la kutolea moshi. Ndani nikapanga chanja mbili za wavu wa chuma, na kati yake na moto nikalaza bati lililotobolewatobolewa, likinge mafuta ya samaki.

Basi, baada ya uangalifu wote huo, nilikosea katika kuni. Fundi aliyeezeka nyumba alikuwa ameniachia vipande vya mbao za dawa, zile zenye rangi ya kijani. Vilikuwa vikavu, tena vya bure. Samaki wakatoka na rangi ya dhahabu, nami nikajisifu mbele ya watoto.

Mama yangu alikuwa amefika asubuhi ile kwa basi kutoka Rufiji. Akamshika kambale, akamnusa, akamrudisha sahanini.

“Mwanangu, kuni hizi umezitoa wapi?”

Nilipomwonyesha hakusema neno. Alikusanya sahani za watoto moja moja, akaenda kumwaga vyote shimoni. Niliona haya na, nikiri, niliona hasira pia, kwa maana kambale wale walikuwa wa bei. Lakini mtoto mdogo alikuwa amekwisha kumeza tonge. Nilipouliza kwa wanaojua, nikaambiwa kuwa dawa ile aghalabu huwa na shaba, kromi na arseniki. Nayo arseniki ni sumu ambayo hutoka na moshi na kubaki katika majivu. Usiku ule sikupata usingizi, ingawa mtoto hakudhurika. Mama hakulijua jina la sumu hiyo. Alijua tu kwamba kuni njema hazinuki hivyo.

Sasa nachoma mkorosho na mwembe, zilizokauka barabara. Msindano hauingii, kwani moshi wa mti wenye utomvu huacha masizi na uchungu. Kambale hupasuliwa mgongoni, hulazwa katika maji ya chumvi, kisha huning’inizwa hadi ngozi ikauke. Kwanza hupata moto wa kumwivisha, ndipo moto upunguzwe, ubaki moshi wa kumkausha. Ukimtoa angali na unyevu, wadudu weusi hutaga mayai, na mabuu yao yenye manyoya humla hadi abaki ngozi na mifupa. Kila Jumamosi nakwangua mafuta juu ya lile bati. Nilighafilika mara moja tu, moto ukapanda hadi chanja ya kwanza.

Mwezi uliopita mama alikuja tena. Alimnusa kambale kwa muda mrefu, watoto wakimtazama. Kisha akavuta mkeka, akaketi, akaomba limau.